Shajara ya mradi: kiporo cha kuku wa sikukuu ndani ya jani la mgomba

26 Desemba, Mikindani

Lengo ni moja: nyama ya kuku na bata mzinga inayobaki Krismasi iwe chakula kipya chenye heshima yake. Mgeni akile alfajiri kabla ya basi, mtoto akishike mkononi bila sahani, na asiwepo mtu wa kusema amelishwa mabaki.

Kwetu huku Krismasi inaangukia msimu wa korosho. Waliokwisha kulipwa za mnadani hawaji mikono mitupu. Huyu ana jogoo, yule ana matetea, na mwaka huu mjomba kashuka kutoka Newala na bata mzinga mzima kwenye tenga. Wote walichinjwa na jirani yetu Mwislamu, kama ilivyo desturi, ili ukoo mzima na majirani tule sufuria moja. Siku ya pili pilau imekwisha zamani, lakini friji imejaa mapaja, migongo na vidari.

Kiporo cha wali kina wenyewe. Kinapashwa asubuhi na watu wanakigombania na chai. Kidari cha bata mzinga kilichookwa hakina bahati hiyo. Kikirudi motoni mara ya pili kinakauka, nyuzi zinashika menoni, na mwisho anakula paka. Mwaka huu nimeamua paka asubiri.

Nimechagua tamale, chakula cha Mexico na Amerika ya Kati. Mahindi yanasagwa, yanakandwa kwa mafuta na supu, yanajazwa nyama yenye mchuzi mzito, yanafungwa na kupikwa kwa mvuke. Sehemu nyingi za Mexico hufungia kwenye maganda ya mahindi. Kusini mwake, Oaxaca, Chiapas, Tabasco na Yucatán, jani la mgomba ndilo linalotawala. Guatemala wanazila usiku wa kuamkia Krismasi. Venezuela wana hallaca, nayo ni ya Krismasi na nayo huvaa jani la mgomba. Kwa hiyo sikukuu, kuku na jani vimekwishakutana kwa wenyewe, mimi navikaribisha tu nyumbani.

Kazi ya leo ilikuwa kuchambua. Iliyokaa mezani zaidi ya muda wa saa mbili sikuigusa, maana joto la Desemba hapa halina msamaha na nyama. Iliyowahi friji nimeinyofoa mifupani kwa vidole, nikatenga nyeupe na nyekundu, nikaitia kwenye mifuko midogo bapa, nikaigandisha leo hii hii. Nyama iliyopikwa haikai friji kawaida zaidi ya siku tatu nne, na mimi najua mahindi yatanila muda.

Mifupa yote, ngozi, shingo na vipapatio vimeingia sufuriani na kitunguu, kipande cha tangawizi na pilipili manga. Moto mdogo, mchana kutwa. Supu ikipoa inaganda, na juu linajikusanya tabaka la mafuta ya njano. Sikulitupa. Ladha yote ya sikukuu iko humo, na nataka iende kwenye donge la mahindi kabla hata nyama haijafika.

27 Desemba

Leo ndiyo siku iliyobeba mradi. Anayechukua sembe ya dukani na maji ya moto atapata ugali uliofungwa jani, na ugali wetu ni mzuri vya kutosha, hauna haja ya kujifunika. Donge la tamale linatokana na mahindi makavu yaliyochemshwa na chokaa, kazi ambayo watu wa kule wameifanya tangu zama za kale kabla Mhispania hajafika. Chokaa inalegeza ganda la nje la punje mpaka linateleza lenyewe. Inaigusa na wanga ya ndani, ndiyo maana donge lake linashikana likikandwa badala ya kumeguka.

Na kuna la afya, ambalo kwangu ni kubwa kuliko ladha. Mahindi yana vitamini iitwayo niasini, lakini sehemu kubwa imefungika humo kiasi kwamba tumbo haliipati. Chokaa inaifungua. Mahindi yalipovuka bahari kwenda Ulaya, maarifa ya chokaa hayakuvuka nayo, na maskini walioishi kwa mahindi matupu wakapata pelagra: ngozi inachubuka juani, tumbo linaendesha, akili inavurugika. Daktari Gaspar Casal aliueleza ugonjwa huo Hispania mwaka 1735. Wala tusidhani ni habari za mbali. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji, watu wa ng'ambo yetu ya Ruvuma, waliugua pelagra kwa maelfu wakiwa Malawi baada ya mgao wao wa karanga kukatika. Karanga ndizo zilizokuwa zikiwapa niasini ambayo mahindi hayakuwapa. Kwa hiyo kwenye mchuzi wangu karanga zimo, na atakayeniambia nizitoe ili kubana matumizi hatanipata.

Chokaa gani sasa? Mji wetu wa Mikindani umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, lakini chokaa ya ukuta haiingii jikoni kwangu, sijui imekutana na nini njiani. Nimekwenda kwa bibi, anayekula tambuu tangu mimi sijazaliwa. Chokaa ya tambuu huliwa, ni nyeupe na laini.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja na mkono mtupu, basi unataka kitu."

Nikamweleza. Akafungua kikopo chake, akatazama chokaa, akanitazama mimi.

"Hii unaitia kwenye mahindi?"

"Naitia bibi, halafu naiosha yote."

"Basi osha kweli. Ulimi ukibabuka usije kunililia."

Kipimo ni gramu 10 za chokaa kavu kwa kilo moja ya mahindi. Ya tambuu imekwishachanganywa na maji, hivyo niliongeza kidogo juu ya hapo. Maji lita tatu. La kuzingatia ni chombo: chokaa inakula alumini, na masufuria mengi tuliyonayo ni ya alumini. Nilitumia chungu cha udongo. Sufuria ya chuma cha pua au ya enameli isiyobanduka nayo ingefaa.

Mahindi yetu ni meupe. Chokaa ilipokorogwa majini, punje ziligeuka njano mbele ya macho yangu, na jikoni ikatanda harufu ambayo wifi aliielezea vizuri: mvua ya kwanza juu ya ukuta mkavu. Dakika arobaini za kuchemka taratibu, kisha nikaepua, nikafunika, nikaacha mpaka asubuhi.

28 Desemba

Asubuhi nilichukua punje nikaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Ganda likatoka zima, jembamba, linateleza. Chini yake punje ni imara, ukiikata kwa kucha ndani kuna kijidoa kidogo tu kisichoiva. Ndivyo inavyotakiwa. Ikiiva yote inakuwa kande, haisagiki kuwa donge.

Nimeosha kwa maji mengi, nikisugua, mpaka maji yakatoka safi na ule utelezi ukaisha. Maneno ya bibi niliyatii.

Kusaga ndiko kwenye jasho. Mashine ya mtaani haipokei mahindi yaliyolowa, na mwenye mashine ana haki, yanaziba mawe na kumharibia unga wa wateja. Lakini sisi wa kusini hatujaanza leo kutwanga mahindi yaliyolowekwa. Wifi alishika mchi wa pili, tukatwanga kwa kupokezana kwenye kinu, tukapitisha chekecheke, chenga zikarudi kinuni. Zilizobaki sugu zilipita kwenye blenda na vikombe viwili vya supu. Donge likatoka la njano hafifu, zito, lenye punjepunje kidogo ulimini. Nalipenda hivyo kuliko laini kabisa.

Pembeni nilikanda bakuli la sembe ya kawaida kwa supu ile ile na mafuta yale yale, ili familia ijionee tofauti kwa kinywa chake.

Sasa mafuta. Wenyewe hutumia mafuta ya nguruwe, yaliyopigwa kwa mwiko mpaka yakajaa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayofanya tamale iwe nyepesi. Nyumbani kwangu chakula cha sikukuu lazima kila mtu aweze kukila, kwa hiyo ni nazi. Tatizo la mafuta ya nazi ni kwamba yanayeyuka kwenye nyuzi joto 24 hivi, na kwa joto la Mtwara mwezi huu hayagandi yenyewe. Mafuta yaliyo maji hayashiki hewa hata uyapige mpaka mkono uchoke. Njia niliyoifuata: mafuta ya nazi pamoja na yale ya juu ya supu yanaingia friji mpaka yanakuwa meupe na magumu kiasi, bakuli nalo linapoozwa, unapiga haraka, unatia donge kidogo kidogo. Kwa kila kilo ya donge nimeweka robo kilo ya mafuta, chumvi, kijiko cha chai kimoja na nusu cha baking pauda, na supu baridi mpaka donge likae kwenye mwiko kisha lianguke lenyewe. Mwisho nimeongeza nusu kikombe cha tui la kwanza, zito.

Kipimo cha wenyewe ni kuangusha kidonge kidogo ndani ya glasi ya maji baridi. Kikizama, endelea kupiga. Kikielea, limekuwa. Cha chokaa kilielea. Cha sembe kilizama na kuanza kuyeyuka chini ya glasi, wifi akapiga picha.

Donge limelala friji.

29 Desemba

Mchuzi. Hapa ndipo nyama kavu inapookolewa au inapozikwa. Kuku huyu ameshapikwa mara moja, na kesho anaingia tena kwenye mvuke zaidi ya saa nzima. Akiingia mkavu atatoka mbao. Kwa hiyo mchuzi uwe mwingi, mzito, na uzidi chumvi kidogo kuliko wa kulia wali, maana donge litaunyonya.

Kusini mwa Mexico wana michuzi ya mole, inayounganisha pilipili kavu na vitu vya kusaga kama karanga, ufuta au mbegu za maboga. Karanga ninazo, na korosho ndiyo nyumbani kwake hapa. Nimetumia chenga za korosho, zile zilizovunjika kwenye kubangua, ladha ile ile na bei ya chini. Nimezikaanga kavu kwenye kikaango mpaka zikapata doa za kahawia, nikafanya hivyo kwa karanga, nikasaga pamoja na vitunguu saumu na nyanya zilizochomwa kwenye makaa. Pilipili mbuzi moja, nzima, niliitia na kuitoa.

Rangi nilitaka ya Yucatán. Wale wana pib, tamale kubwa ya kuku inayofungwa jani la mgomba na kufukiwa kwenye shimo la moto, wakiwakumbuka marehemu wao mwanzoni mwa Novemba. Wekundu wake unatokana na mbegu tunazoziita zingefuri. Mti wake, mzingefuri, asili yake ni Amerika ya joto, na uko hapa pwani, watoto wanajipaka midomo. Nimechemsha kijiko cha mbegu kwenye mafuta mpaka yakawa mekundu, nikachuja, nikaungia mchuzi. Ladha yake ni ya udongo kidogo, haina ukali, lakini rangi inaita.

Nikiwa nakoroga niliwaza safari za vitu hivi. Mahindi, pilipili, nyanya, karanga, vyote asili yake ni Amerika. Korosho Wareno waliitoa Brazil. Hata bata mzinga wa mjomba, mababu zake walifugwa Mexico. Nazi na kuku walitoka Asia, na mgomba vilevile: jani ambalo leo Yucatán wanaliona la kwao liliingia huko baada ya Wahispania. Anayeniambia napika chakula cha kigeni aniambie kwanza kipi sufuriani ni mgeni kuliko mwenzake.

Nyama nimeitoa kwenye barafu jana usiku, ikayeyukia ndani ya friji. Nimeikata fupi kukata nyuzi, nyekundu na nyeupe pamoja ili ya paja ilainishe ya kidari, nikaichemsha ndani ya mchuzi mpaka ukatokota vizuri, kisha nikauacha upoe. Ukipoa unakuwa mzito wa kuchotwa kwa kijiko bila kutiririka.

30 Desemba

Majani. Kaskazi unavuma sasa, na upepo unalipasua jani la mgomba mistari mistari mpaka halifungi kitu. Migomba iliyo wazi upande wa bahari sikuihangaikia. Mizuri iko nyuma ya bafu, inakunywa maji ya kuogea na ukuta unaikinga. Nilikata majani machanga yaliyofunguka karibuni, nikatoa uti wa kati, nikakata vipande vya upana wa sentimita 25 kwa 30.

Jani bichi likikunjwa linavunjika. Lazima ulibabue. Unalishika kwa mikono miwili juu ya makaa, unalipitisha polepole: kijani kilichofifia kinageuka cha kung'aa, nta inayeyuka, na papo hapo jani linalegea mkononi. Sekunde chache. Ukizidisha linaungua na kupasuka. Kisha unalifuta kwa kitambaa chenye maji, pande zote mbili.

Kufunga: upande unaong'aa juu, donge la kiganja kimoja likisambazwa mpaka unene wa kidole, kijiko cha nyama kilichojaa katikati, kunja jani ili donge lifunike nyama, kunja ncha kwa chini, funga na uzi wa mgomba mkavu uliolowekwa. Jani lenye mpasuko linapewa la pili ndani yake, mistari ikipishana. Shangazi aliyakaza mafundo yake kwa nguvu zote. Nikamwomba, "Shangazi, yalegeze kidogo, donge litavimba." Akalegeza, baada ya kunikumbusha nani alinifundisha kusuka ukili.

Chini ya sufuria kubwa nilipanga zile nyuti tulizozitoa, zikawa kichanja. Maji hayakugusa kichanja. Kabla ya maji nilitupia sarafu ya shilingi 200 iliyooshwa. Ni ujanja wa wapikaji wa Mexico: maji yakichemka sarafu inagongagonga, ikinyamaza ujue maji yamekwisha, ongeza ya moto. Watoto walipewa kazi ya kuisikiliza na hawakutoka jikoni. Juu ya tamale niliweka majani yaliyobaki, kitambaa, kifuniko, na jiwe.

Muda wa saa moja na robo kwenye jiko la mkaa. Ya kwanza nilipoifungua, jani lilibanduka safi bila donge kushika. Hiyo ndiyo alama ya kuiva. Nikaziacha zipumzike robo saa, maana za moto sana zinaonekana mbichi hata zikiwa zimeiva.

31 Desemba

Majibu ya walaji. Ya chokaa ilikatika kwa uma, nyepesi, ndani mchuzi mwekundu umeingia kwenye donge pande zote. Harufu ya jani imebaki, ile harufu ya kijani kama ya chai. Kidari kilikuwa laini. Mjomba, aliyemleta bata mzinga, aliuliza kama ni paja. Ya sembe ilikuwa nzito na ililowana chini. Iliishia kukaangwa, ikaliwa, lakini hakuna aliyeomba ya pili. Kwangu hilo limefunga mjadala wa chokaa.

Bibi aliletewa yake kwa jani lake. Alikula kimya, akasema pilipili haitoshi na korosho zingesagwa zaidi. Yote mawili ni kweli, nimeyaandika.

2 Januari

Wageni wameondoka. Basi la Dar es Salaam linatoka alfajiri, kwa hiyo tamale zilirudi kwenye mvuke gizani, watu wakala za moto na chai ya rangi, wakapanda. Wa Newala na Masasi walipewa za njiani, za moto, na agizo la kuzila mapema asubuhi ile ile. Wa Dar sikuwafungia, ingawa shemeji alinuna. Nyama ndani ya mfuko kwenye joto la basi kutwa nzima si zawadi, ni ugonjwa. Upendo wangu kwao ulikuwa ni kuwalisha washibe kabla.

18 Januari

Tamale tulizogandisha zimejaribiwa. Zinaingia kwenye mvuke zikiwa barafu, ndani ya jani lao, kama dakika arobaini mpaka katikati pafuke moshi. Jani limekuwa la kahawia na limechoka, donge halijapoteza kitu, nyama nahisi imekolea zaidi.

Mama ntilie mmoja wa stendi amezionja na anataka za kuuza asubuhi. Nimemwambia asubiri. Kinachotushinda bado ni kusaga: kwa kinu tunalisha nyumba, hatulishi stendi. Naulizia mashine ya mkono ya kusagia nyama, ile ya kuzungusha, nione kama ikipitisha mahindi mara mbili itatosha.

2 Februari

Leo Mexico ni sikukuu ya Candelaria, na siku hii watu hula tamale. Aliyekuta kisanamu cha mtoto ndani ya mkate wa sikukuu ya Januari 6 ndiye anayezitoa. Tumepika za mwisho za friza.

Kinachofuata ni Pasaka, na mahindi mabichi yakiwahi nitabadili mpango. Michoacán, jimbo la Mexico, wana uchepos, tamale za mahindi mabichi zinazosagwa hivi hivi bila chokaa, tamu kidogo. Za kwetu zitakuwa na tui, na kuku wa Pasaka atakaa pembeni kwenye mchuzi wake wa korosho, zilizosagwa zaidi, na pilipili kama bibi alivyotaka. Wifi ameshatenga mistari ya mahindi shambani kwake ambayo hairuhusiwi kuchomwa.